Ukoko Ndani ya Mtutu

...na sasa mbwa, kumbe hata mbwa leo ametumwa, maana kati ya viwanja vyote vya dunia mbwa huyu wa rangi ya vumbi kaona alale hapahapa, nyuma ya mbao za shabaha, kanyoosha miguu kama mwenye hati ya kiwanja, na mwamuzi kapuliza filimbi, kapandisha bendera nyekundu, kila mtu mikono mbali na bunduki, hakuna kupakia, hakuna kushika, tusubiri, haya tusubiri, na bintiye Mama Nta amesimama pale mbele ya meza yake, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyekosa, gobore limelala mbele yake tupu, risasi tano zimeshakwenda, imebaki moja, na hiyo moja ndiyo yenye kila kitu, ikiingia ndani ya duara jeusi binti anaingia timu ya mji, mwanamke wa kwanza tangu wanaume waanze kujidai na timu yao, ikitoka nje nafasi inakwenda kwa Kinyozi, mtoto wa wifi, na wifi mwenyewe huyu hapa, benchi moja, ubavu kwa ubavu, anatafuna bisi, krr, krr, krr, Mungu nipe subira, Mama Nta akajiambia, na kama subira imekwisha huko nipe kitu cha kumtupia mtu.

"Masikini, mbwa wa watu kachoka," wifi akasema.

Mbwa kachoka, mwenye mtoto hakuchoka, Mama Nta akaitikia "mmh" moja fupi, ile ya kufunga mlango, lakini wifi milango yake haifungiki, alizaliwa hivyo, ndugu yake mwenyewe aliposema naoa alichomwambia Mama Nta kwanza kabla ya mapenzi na kabla ya mahari ni kwamba dada yangu anaongea, uvumilie, na yeye kwa ujinga wa usichana akacheka, akadhani ni sifa, "lakini wifi yangu," wifi akaendelea, "zile tatu za mwanzo, we! Niliogopa mimi, nikasema leo kijana wangu kaumbuka," krr, "halafu sijui imekuwaje, mkono umechoka eti? Au ndio mambo yetu sisi wanawake, tunaanza na moto," na akacheka peke yake, bisi moja ikamtoka mdomoni ikatua kwenye sketi ya Mama Nta, naye akaipangusa kama anayempiga mtu kofi.

Mkono umechoka! Mkono ule unashona sare kutwa nzima, suruali za walinzi, kitambaa kigumu kama turubai, unaingiza uzi kwenye sindano bila kuangalia, mkono ule haujachoka tangu utoke tumboni, aliyechoka ni mwanao anayeshika mkasi huku anasimulia mpira na kuacha watu na visogo kama paa lililoezuliwa na upepo, hata mkwewe alimnyoa hivyohivyo siku ya harusi na picha zipo... lakini kweli, imekuwaje, hapo ndipo penye moto, maana Mama Nta aliona kwa macho yake, risasi ya kwanza katikati, ya pili juu ya ya kwanza, ya tatu sijui ilipita wapi mpaka mtazama mbao akaenda akainama akainuka akasema zimeingia tundu moja, tundu moja, watu wakapiga mluzi, na Mama Nta akainua kidevu, akawaangalia wanaume wote wa benchi la mbele mmoja mmoja, mnaona, yale ndiyo mafuta yangu ya kupaka risasi, halafu ya nne ikaenda kushoto na juu, kidogo tu, upepo huo, akasema upepo, na ya tano ikaenda juu zaidi ikang'ata ukingo wa ubao kama panya, na majani ya kiwanja hayatikisiki hata moja, upepo gani, wa wapi.

Na baba yake huyu binti naye, kama angekuwepo angalau angeguna, yeye huguna ukajua, lakini kabaki nyumbani, eti moyo wangu hauwezi, eti jicho lenyewe lina mtoto wa jicho nitaona nini, nitalinda nyumba, nyumba ambayo haijawahi kuibiwa hata mwiko, amelala huyo saa hizi na redio tumboni, kamfundisha mtoto bunduki tangu hajaota meno ya utu uzima, kamfundisha kuvuta pumzi na kuiachia nusu, halafu siku ya mwisho moyo hauwezi, wanaume, wanakupeleka mpaka mlangoni wanakumbuka wamesahau kofia.

"Mwamuzi!" mtu akapaza sauti kule mbele, "huyo mbwa afukuzwe au apewe namba na yeye apige!" Watu wakacheka, mwamuzi hakucheka, yeye alikuwa akifundisha watu kuendesha magari na tangu hapo anaiona dunia nzima imekaa vibaya kwenye usukani, kamtuma mtazama mbao na fimbo, mtazama mbao anamwogopa mbwa, anamwita kwa mbali, njoo, njoo, anampigia ulimi, mbwa anamwangalia kwa huruma.

Sasa fikiri, we mwanamke, akajiambia, acha kuchemka, fikiri, umekaa kwenye mafuta haya miaka mingi, mtutu wa gobore una mifereji ndani, imejizungusha kama mistari ya parafujo, na risasi inaingilia mdomoni, si nyuma kama bunduki za kivivu za siku hizi, inaingilia mdomoni na kusukumwa kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mpaka ikae juu ya baruti, na risasi yenyewe ina mikunjo miwili kiunoni kama mama aliyezaa mapacha, kwenye ile mikunjo ndipo unapopaka mafuta, ukipiga baruti inaungua, inaacha masizi, mafuta yanaungua nusu, yanaacha utando, masizi na utando vinakutana humo ndani gizani vinaoana, na mtoto wao ndiye anayeamua risasi inayofuata iende wapi, wakizaa ukoko laini, mambo mazuri, risasi mpya inausukuma wa zamani inaacha wa kwake uleule, kila risasi inakuta njia ileile, na njia ikiwa ileile tundu linakuwa lilelile, ndio maana yeye husema, na amesema kwa kila mwenye masikio, mafuta yangu hayafutwi, nta ya nyuki na shahamu ya kondoo, kwa moto mdogo, hakuna kingine, piga kutwa, usipitishe kitambaa, ukifuta unaharibu, unamtandikia mgeni kitanda halafu unakivuta... kaisema sokoni, kaisema misibani watu wakiwa bado wanalia, kawaambia washona viatu wanaonunua nta yake ya uzi, mafuta yangu hayafutwi, mpaka watoto wakimwona njiani wanaimba, hayafutwi! hayafutwi!, na yeye anajifanya kuwafukuza huku anafurahi.

Sasa mbona ya tano alishindilia vile? Hii ilikuja yenyewe, picha tu, binti kasimama na mdeki, mikono miwili, kainuka kwa ncha za viatu, kauegemea kwa uzito wote kama anayezibua choo, na mara ya kwanza haukushuka, ulisimama katikati, akauvuta akaupiga tena, kwa mafuta yake mdeki hushuka kwa mkono mmoja, unateleza tu, sss, unasikia hewa ikitoka, lakini ya tano ililia, krii, kama msumari kwenye bati, na yeye alisikia, alisikia kabisa, lakini wakati huohuo wifi alikuwa anamhadithia habari za mke wa mwenye duka la vitanda aliyehama kitanda, na habari yenyewe ilikuwa tamu, haya, tamu kweli, akageuza sikio moja, ulaaniwe wifi na ulaaniwe utamu wako.

Na kile kitambaa. Kile kitambaa binti alichopangusia mikono baada ya kupiga ya tano, akakirusha nyuma bila kuangalia, kikatua kwenye kikapu hapa miguuni, Mama Nta akainama, taratibu, kama anayejikuna, akakiokota. Kizito. Mafuta yake yakikutana na masizi yanatoa doa la kijivu, laini, ukilitia maji linakwenda zake bila ugomvi, hili jeusi, linang'aa, akalibana kwa vidole viwili akaviachanisha na katikati ya vidole ukavutika uzi mweusi mrefu, haukatiki, kama lami barabara ikiwa bado mbichi, akakileta puani, akajifanya anapenga kamasi, na puani ikaingia gereji nzima, mnyororo, pedali, makalio ya suruali ya fundi.

Grisi.

Grisi ya pikipiki. Ndani ya gobore la mumewe. Kwenye risasi za mwanawe. Kutoka kwenye kopo lake yeye, lile la buluu lililokuwa la losheni, lipo pale mezani kando ya gobore, analiona kutoka hapa, kifuniko chenye kibonyeo ni chake, analijaza mwenyewe kila likikaribia kuisha... halafu akakumbuka kwamba halijaisha siku nyingi, mwezi huu hakuletewa kopo, akafurahi, akasema mtoto anajua kubana, kumbe, kumbe mafuta yangu yako wapi, yametupwa, yamepewa paka, na ndani ya kopo langu kaweka uchafu wa yule kijana wa pikipiki, kanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa mchana kweupe, mimi mama yake, asubuhi hii hii nimemsimamia mlangoni nikamuuliza umechukua mafuta, akainua kopo akanionyesha, akatabasamu, nimechukua mama, mwongo, mwongo mkubwa, mwongo mwenye vishimo mashavuni!

"Una mafua, wifi yangu?"

"Vumbi," akasema.

"Nikupe kitambaa safi? Hicho kichafu."

"Hiki kinanifaa," akasema, akakikunja ndani ya ngumi, na ngumi akaifunika na ngumi nyingine, yule fundi pikipiki, yule mrefu asiyejua kukaa, anayekuja kila mara kuuliza kama baba yupo wakati anajua baba yupo, baba haendi popote, anasimama mlangoni na kofia mkononi, kucha nyeusi, shikamoo mama, marahaba, mama nasikia harufu nzuri, ni nta, oho nta, na anachungulia sufuria kama mkaguzi, huyo ndiye, alimwambia binti waziwazi yule sitaki kumwona kwenye zulia langu, kumbe hakupita kwenye zulia, kapita kwenye mtutu, kaingia nyumba yangu kwa mdomo wa bunduki, mshenzi, na tena hajui kitu, atajuaje, mnyororo wa pikipiki hauungui, mnyororo hauna baruti, grisi ya mashine ukiichoma na baruti haizai ukoko laini, inazaa lami, inaganda ndani ya mifereji, risasi ya kwanza inapita raha mustarehe, ya pili, ya tatu, kisha njia inakuwa nyembamba, risasi haifiki chini vizuri, imekaa juu juu, haikukaa kama mwenzake aliyetangulia, ukipiga inakwenda inakotaka, juu, kushoto, kwa jirani, na ya sita, ya sita itakwenda kwa huyo mbwa.

Na afadhali angefuta! Hapo ndipo Mama Nta alipotaka kusimama apige ukelele, kama unapaka grisi basi futa, mwanangu, pitisha kitambaa chenye maji, pitisha kingine kikavu, mtutu uwe msafi kama ulivyokuwa asubuhi, ya sita iwe kama ya kwanza, ni kazi ndogo, sheria inaruhusu, Kinyozi kafuta kila risasi, kafuta kama anayepiga deki, na muda upo, bendera ikishuka wanapewa muda wa kutosha kufuta na kupakia na kunywa chai, mbona hafuti, ana nini, kwa nini hafuti...

Hafuti kwa sababu yangu.

Ilimjia hivi tu, bila kubisha hodi, hata krr ya wifi ikawa mbali, hafuti kwa sababu mafuta ya mama hayafutwi, ndivyo alivyofundishwa tangu kichwa chake kikiwa chini ya meza, kachukua mafuta ya kijana na sheria ya mama, kaviweka pamoja, na vile viwili havikai nyumba moja, kafikiri nini yule mtoto, kafikiri kwamba kama ameniibia moja basi anilipe jingine, au kwamba akifuta hapa mbele ya watu nitamuuliza, mbona umefuta, umepaka nini, nami ningeuliza, ningemkalia kooni mpaka aseme, kwa hiyo anasimama pale na mtutu uliojaa lami, anajua una kitu, hawezi kukosa kujua, mkono wake unajua, na hafuti, anaona bora akose kuliko mimi nijue. Mjinga! Mjinga wa kupigiwa mfano! Nafasi ya timu unaitupa ili usinikasirishe, na mimi nimeshakasirika, mimi nimeamka nimekasirika, kilichobaki ni wewe tu kuniuliza!

Lakini aliuliza. Aliuliza, we mwanamke usijitie kusahau, ilikuwa jikoni, sufuria motoni, mvuke wa shahamu hadi kwenye dari, binti kasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

"Mama."

"Hm."

"Kuna mafuta mengine, nimeyajaribu kidogo tu, risasi tatu, zimeingia..."

"Mafuta ya nani?"

"Ya fundi."

"Fundi anapiga shabaha?"

"Hapigi, ila..."

"Basi na anyamaze."

"Mama, zimeingia tundu moja. Sijawahi kupiga hivyo, hata..." na akaishia hapo, kwenye hata, na ile hata ndiyo iliyomuuma, hata nini, hata kwa mafuta yangu? akaupiga upawa kwenye ukingo wa sufuria, nta ikaruka ikamchoma kifundo cha mkono, akasema unaona, umenichoma, mtoto yuko mlangoni kule kamchoma na nini, akasema siku utakayopaka risasi za baba yako uchafu wa pikipiki ulete hilo gobore hapa na unipe talaka yangu ya umama, nikaolewe na watoto wengine, na binti badala ya kubisha, badala ya kurusha hata kijiko kama mtoto wa mama yake, akasema, "Sawa mama," akaondoka, na Mama Nta akarudi kwenye sufuria akiwa ameshinda, alijisikia ameshinda kabisa, aliimba, na ile sawa mama ndiyo ilikuwa kufuli, mtoto kafunga, kaondoka na ufunguo, na yeye anaimba.

Tundu moja. Na leo tena tundu moja, kaliona, mtu mzima asijidanganye, kwa mafuta yake zinaingia ndani ya jeusi, zinakaa karibu karibu kama majirani, lakini tundu moja hapana, miaka yote ile, mumewe akiwa na macho yake mawili na mikono ya chuma, hapana, tundu moja hajawahi kuliona kwenye kiwanja hiki, na alipoinua kidevu kuwaangalia wale wanaume alikuwa anajidai na grisi ya fundi pikipiki, hilo nalo lilimpanda kichwani likamwasha kama pilipili, akashindwa hata ajichekee au ajing'ate, akajing'ata.

Mtazama mbao alikuwa amemfikia mbwa, mbwa akasimama, akajinyoosha, akazunguka, akalala tena hatua chache kando, watu wakapiga makofi, mwamuzi akapandisha bendera juu zaidi kana kwamba mbwa hakuiona vizuri.

Basi nimwambie. Nimwambieje, huku nyuma ya kamba kumsemesha mpigaji ni marufuku, na mara ile alipomkumbusha kwa neno moja tu, kiwiko! neno moja, mwamuzi alimfutia binti risasi nzima, akamwambia mama ukirudia ninamtoa, na hatanii, hana kiungo cha utani mwili mzima, nikohoe, kikohozi hakina maneno, nimrushie hiki kitambaa, ataambiwa kapokea kitu, nimtume mtu, nani, wifi? Akacheka moyoni kicheko kibaya, wifi, ambaye akijua tu kwamba mtutu una lami atawasha udi, wifi ambaye ukimnong'oneza jambo unalisikia jioni redioni, ambaye siri kwake ni kama bisi, inaingia kwa wingi inatoka kwa kelele, wifi...

Wifi. Na mtu kuongea na wifi yake nani kakataza?

Akakaa nalo. Lilikuwa chungu, akalizungusha mdomoni kama dawa, maana lisemwe vipi, hawezi kusema binti yangu kapaka grisi, akisema hivyo binti anaumbuka mbele ya kiwanja, atatahayari, mkono utakufa kweli, na kijana wa watu ataitwa kila jina, na Kinyozi atapata hadithi ya kunyolea watu mpaka uzee, kilichobaki cha kusemwa ni kimoja tu, mafuta yangu. Mafuta ya Mama Nta. Yanaganda, yanafutwa. Kuyasema haya kwa mdomo huu, mdomo uleule, mbele ya wanaume wa benchi la mbele ambao wamengoja siku hii kama mvua, mbele ya washona viatu, wapo wawili pale, anawaona visogo, kesho wataulizia nta kwa kuinusanusa, na wale watoto njiani watabadili wimbo, na wifi, oo wifi, huyu atafika nyumbani kabla yake, atamwamsha kaka yake, kaka, mkeo kakiri! Na yote kwa kosa ambalo si lake, mafuta yake hayana hatia, yako chini ya cherehani pengine kwenye kopo la nyuzi, meupe, mazuri, hayana hatia hata kidogo, na ndiyo yatakayohukumiwa.

Nisipokubali? Basi bendera itashuka, mtoto atapakia juu ya lami, ataegemea mdeki, atavuta pumzi ataiachia nusu, risasi itakwenda juu, na atageuka, na usoni mwake ataniwekea lile tabasamu, ataniambia, "Mkono ulichoka, mama." Atasema hivyo. Atajisingizia mkono, mkono ule, ili mimi nibaki na mafuta yangu, na nitabaki nayo, sufuria nzima, nitayapaka wapi.

Damu ilikuwa inamchemka bado, tena zaidi, ila imegeuka ilikokuwa ikielekea, akageuka na yeye, akamkabili wifi goti kwa goti, akavuta pumzi ya kuuzia samaki.

"WIFI YANGU!"

Wifi akaruka, bisi zikamwagika.

"Mama yangu, nini?"

"Ulisema kweli wewe! Umesema imekuwaje, mimi nikakuchunia! Si mkono. Ni mafuta yangu. Mafuta yangu safari hii yameharibika!"

Benchi la mbele likageuka lote, visogo vikawa nyuso, za washona viatu zikiwemo.

"Yameharibika?" wifi akasema, polepole, kama mtu aliyepewa zawadi na anaogopa kuifungua. "Mafuta yako wewe?"

"Yangu! Yanaganda kama lami! Yanajaza mtutu! Risasi tatu zinapita, ya nne haipati njia! Mwenye akili timamu," na hapa sauti ikataka kumkatika, akaibana kiuno ikasimama, "mwenye akili timamu atafuta kwanza! Maji kisha kikavu! Afute mpaka kitambaa kitoke cheupe, wala asimwogope mtu!"

"Mama!" Mwamuzi kageuka, filimbi mdomoni, kidole juu. "Unamsemesha nani?"

"Namsemesha wifi yangu! Mambo ya jikoni! Au na wifi yangu niombe kibali?"

"Ongea naye kwa sauti ya wifi!"

"Hasikii huyu, ana bisi masikioni!"

Wakacheka, kiwanja kizima kikacheka, mzee mmoja wa mbele akapiga paja, hayafutwi leo yanafutwa! akasema, na mwingine akadakia, yanafutwa!, na wimbo umeshaanza huo, haukungoja hata kesho, uso wa Mama Nta ukawaka mpaka masikio, akaganda na kidevu juu, juu palepale pa risasi ya tatu, maana hakujua pa kukishushia, mwamuzi akamtazama, akaitazama sheria kichwani mwake ukurasa kwa ukurasa, haikuwa na wifi, akageukia mbwa.

Binti hakugeuka. Alisimama vilevile, mikono nyuma, mgongo umenyooka kama ubao, lakini vidole vyake pale nyuma, vilivyokuwa vimeshikana, viliachiana, kimoja baada ya kingine, na shingo ikapanda wekundu, amesikia, amesikia yote, na ameelewa lililosemwa na lisilosemwa, kwamba mama anajua, sasa tetemeka, Mama Nta akasema moyoni, ngoja tufike nyumbani, nitakusema mpaka bati za jirani zilie, kopo langu! losheni yangu! na yule mrefu wako aje, aje na kofia yake, akae kwenye zulia, nimuulize kwa mdomo wangu kaweka nini humo, maana grisi tupu haipigi tundu moja, kuna kitu kaongeza, kuna kitu, mshenzi yule, na moto gani, mdogo au mkubwa...

"Mwamuzi," binti akasema. Mpigaji kusema na mwamuzi ruksa. "Bendera ikishuka, naomba maji."

"Kiu?"

"Hapana. Ya kitambaa."

Wifi aliacha kutafuna. Kule mbele bendera nyekundu bado iko juu, mtazama mbao ametupa fimbo sasa anambembeleza mbwa kwa kipande cha mkate, na Mama Nta, ngumi mbili mapajani, kitambaa cha lami ndani yake, meno yameumana mpaka taya linauma, akawa anasema bila kufungua mdomo, ya moto, mwambie ya moto, mtoto huyu, maji baridi kwenye grisi yatakusaidia nini, hata kufuta hujui, hata kufuta nani alikufundisha...